Nani Anaweza Kulizuia Gazeti la Kesho

Kila gazeti lina mistari michache ya maandishi madogo, kwa kawaida chini ya ukurasa wa mwisho au pembeni mwa tahariri, ambayo wasomaji wengi huiruka. Hutaja kampuni inayolichapisha, anwani yake na mahali lilipopigiwa chapa. Sheria za magazeti tangu enzi za ukoloni zimedai iwepo, ili mwenye madai ajue wa kumshtaki. Kwa kazi hiyo inatosha. Kwa msomaji anayetaka kujua ni nani hasa mwenye nguvu juu ya kile anachokisoma haitoshi, kwa kuwa gazeti moja huwa chini ya mamlaka ya watu kadhaa, na mistari hiyo haiwataji wote.

Tuanze kwa kuwatenganisha. Mmiliki ni mwenye mtaji: ndiye anayepata faida au kubeba hasara, na ndiye anayeteua bodi. Mchapishaji ni kampuni inayotoa gazeti na kujibu kesi kwa jina lake. Mhariri ndiye anayeamua habari ipi itoke na itoke vipi. Mpiga chapa ni mwenye mtambo, na mara nyingi si mchapishaji, kwa sababu magazeti mengi madogo hukodi mitambo ya wakubwa. Nje ya hao yupo mtoa matangazo, ambaye fedha zake huliendesha gazeti kuliko bei anayolipa msomaji. Na ipo mamlaka ya leseni, yaani ofisi ya serikali yenye uwezo wa kuruhusu gazeti kuwepo au kulifungia.

Mjadala wa umiliki kwetu huenda haraka kwenye swali moja: gazeti ni la serikali au la mtu binafsi? Swali hilo lina uzito wake, na historia ya Tanzania inaonyesha ni kwa nini liliulizwa kwa nguvu.

Tanganyika Standard lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1930, likiwa tawi la kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikichapisha East African Standard. Mwaka 1967 kampuni hiyo ya Nairobi ilinunuliwa na Lonrho, shirika lenye makao London na biashara kubwa za migodi na mashamba barani Afrika. Kwa hiyo nchi iliyotangaza Azimio la Arusha Februari 1967 ilikuwa ikisoma habari zake za kila siku za Kiingereza katika gazeti ambalo bodi yake ya mwisho ilikaa Uingereza. Tarehe 5 Februari 1970 serikali ililitaifisha. Mwalimu Nyerere mwenyewe akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na waraka wake kwa gazeti ulieleza kwamba litaunga mkono siasa ya ujamaa lakini litakuwa na uhuru wa kujadili mapendekezo na kukosoa vitendo vya viongozi wa TANU na serikali. Kazi ya kila siku alipewa Frene Ginwala, mwanaharakati wa ANC kutoka Afrika Kusini, ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la nchi yake.

Waraka huo ulikuwa wa dhati. Tatizo halikuwa nia, lilikuwa muundo. Ruhusa ya kukosoa ilitoka kwa mamlaka ileile iliyoweza kumwondoa mhariri. Mwaka 1971 gazeti liliandika tahariri kali kulaani kunyongwa kwa viongozi wa Kikomunisti wa Sudan chini ya Jaafar Nimeiry, wakati Tanzania ikimpokea kiongozi huyo kama mgeni wa taifa. Ginwala aliondolewa. Mwaka uliofuata gazeti liliunganishwa na The Nationalist la chama na kuwa Daily News, chini ya Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais mwaka 1995. Kutaifisha kuliondoa bodi ya London. Hakukumpa mhariri kinga yoyote mpya.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992, upande wa pili wa swali ulipata nafasi ya kujaribiwa. Magazeti binafsi yalichipuka kwa kasi. Reginald Mengi, mfanyabiashara wa viwanda aliyefariki mwaka 2019, alijenga IPP pamoja na magazeti ya The Guardian na Nipashe. Freeman Mbowe, aliyekuja kuongoza CHADEMA, alikuwa nyuma ya Tanzania Daima. Mwananchi liliishia mikononi mwa Nation Media Group ya Nairobi. Lakini mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Habari Corporation, wachapishaji wa Rai na Mtanzania. Kampuni hiyo ilianzishwa na waandishi wenyewe, akiwamo Jenerali Ulimwengu. Waandishi kumiliki gazeti lao ndilo jibu ambalo wengi wetu tungelipenda. Hata hivyo kampuni ilihitaji mtaji ambao waandishi hawana, na baadaye ikawa mali ya Rostam Aziz, mfanyabiashara aliyekuwa mbunge wa Igunga na mweka hazina wa CCM. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Ni hesabu tu za biashara zilizofika mwisho wake.

Hesabu hizo zinahitaji kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ndipo nguvu nyingi zinapofichika. Karatasi ya magazeti huagizwa kutoka nje na hulipiwa kwa dola. Wino na sahani za mtambo vivyo hivyo. Gazeti lazima lifike Mwanza, Mbeya na Songea asubuhi hiyohiyo, kwa kuwa gazeti la jana halina mnunuzi. Muuza magazeti wa mtaani huchukua sehemu yake katika kila nakala, na nakala zisizouzwa hurudi na kuwa hasara ya mchapishaji. Bei ambayo msomaji wa kawaida anaweza kuimudu hailipi gharama hizo. Pengo huzibwa na matangazo.

Na nani hutangaza? Kampuni za simu, benki, watengenezaji wa bia na soda, na zaidi ya wote serikali: wizara, halmashauri, mashirika ya umma, vyuo, kwa zabuni, nafasi za kazi na pongezi za sikukuu. Mtoa matangazo mkubwa hahitaji kumpigia mhariri simu. Inatosha mhariri ajue kwamba mwezi uliopita ukurasa mzima uliondolewa baada ya habari fulani. Kuanzia hapo habari ya aina hiyo itaulizwa maswali ambayo nyingine haziulizwi, itacheleweshwa, itapunguzwa aya, na hakuna amri yoyote itakayopatikana katika faili.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliipa Idara ya Habari, yaani MAELEZO, jukumu la kuratibu matangazo ya serikali. Wachapishaji walilalamika, na walikuwa na sababu: ofisi inayotoa leseni ilipewa pia nguvu juu ya fedha. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliondoa jukumu hilo. Ni hatua njema. Haikugusa, hata hivyo, tabia ya ofisi moja moja kuchagua gazeti bila kigezo kilichoandikwa popote.

Sasa tuje kwenye leseni. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti akiona kwamba maslahi ya umma yanadai hivyo. Maneno ya msingi ni akiona. Sheria haikumtaka amshawishi mtu mwingine yeyote kwanza. Chini ya sheria hiyo MwanaHALISI lilifungiwa kwa muda usiojulikana mwaka 2012. Mwaka 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Sheria ya 2016 iliifuta ile ya 1976, lakini ikaleta jambo lililo gumu zaidi kwa mchapishaji. Zamani gazeti lilisajiliwa mara moja. Kwa sheria mpya na kanuni zake za mwaka 2017, lilihitaji leseni ya kuhuishwa kila mwaka.

Tofauti kati ya usajili na leseni ya mwaka yaweza kuonekana ya kikarani tu. Si hivyo. Gazeti lililosajiliwa lipo mpaka mtu achukue hatua ya kulizuia, na hatua hiyo huonekana, hupingwa, hupelekwa mahakamani. Gazeti lenye leseni ya mwaka husimama lenyewe ikiwa ofisi haitafanya kitu. Ukimya wa karani unatosha. Mwekezaji anayefikiria kununua mtambo wa miaka 15 anajua kwamba ruhusa yake ni ya miezi 12, na atapima matumizi yake kwa kipimo hicho. Benki itakayomkopesha itapima vivyo hivyo.

Kesi ya gazeti la Mseto inaonyesha muda unavyofanya kazi katika jambo hili. Agosti 2016 waziri alilifungia kwa miaka 3. Wachapishaji wake walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2018 majaji waliamua kwamba amri ile ilikiuka Mkataba wa Jumuiya, na kwamba haikuonyeshwa namna habari iliyochapishwa ilivyoudhuru umma. Wachapishaji walikuwa wameshinda. Leseni ilirudishwa Februari 2022, pamoja na za Mawio, MwanaHALISI na Tanzania Daima, chini ya serikali nyingine, ingawa kwa tangazo la waziri yuleyule aliyelifungia Mseto. Katika miaka hiyo waandishi walitafuta kazi kwingine, wauzaji walizoea majina mengine, na watoa matangazo walihamisha bajeti zao. Haki ilipatikana katika hukumu. Gazeti, kama biashara, halikuipata.

Machi 2019 mahakama hiyohiyo iliangalia Sheria ya 2016 yenyewe, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake, na kuamua kwamba vifungu vyake vingi, pamoja na vinavyompa waziri uwezo wa kuzuia machapisho, vinakwenda kinyume na Mkataba. Marekebisho ya 2023 yalipunguza baadhi ya makali ya sheria. Mfumo wa leseni ya gazeti ulibaki.

Mtu anaweza kudhani kwamba leseni ni silaha ya serikali dhidi ya wapinzani tu. Tukio la Agosti 2021 linaonyesha kwamba jambo lina upana zaidi. Uhuru, gazeti la chama tawala lenye umri sawa na uhuru wa nchi, lilichapisha habari kwamba Rais Samia hakuwa na nia ya kugombea mwaka 2025. Chama, kama mmiliki, kilisimamisha uchapishaji na kuwaweka pembeni viongozi wa kampuni. Kisha MAELEZO ikasitisha leseni kwa siku 14. Kwa kosa moja la kitaaluma, ambalo popote pengine lingesahihishwa kwa ukurasa wa mbele wa kesho yake, gazeti lilifungwa mara mbili na mikono miwili tofauti. Mmiliki aliyeshika dola hakuweza, au hakutaka, kulikinga. Ukaribu na mamlaka haukuwa kinga.

Kuna mlango mwingine ambao haujadiliwi sana, nao ni wa mpiga chapa. Mwishoni mwa 2011 Tanzania Daima lilichapisha makala iliyowahutubia askari. Walioshtakiwa kwa uchochezi walikuwa mhariri, mwandishi wa makala, na pamoja nao kiongozi wa Mwananchi Communications, kampuni mshindani, kwa sababu gazeti hilo lilipigwa chapa kwenye mtambo wake. Wote waliachiwa huru Januari 2014. Lakini fikiria maana ya shtaka lile kwa mwenye mtambo yeyote. Kuanzia siku hiyo ana sababu ya kusoma magazeti ya wateja wake kabla ya kuwasha mashine, na kuwa mhariri wa magazeti ambayo hayamiliki. Nchi yenye mitambo michache mikubwa inaweza kuwa na majina mengi mezani kwa muuzaji, na bado yote yakapita katika milango miwili au mitatu tu usiku.

Kenya ilifuata njia nyingine, na inafaa kulinganishwa bila haraka ya kusema nani bora. Mwaka 1959 Aga Khan alinunua Taifa, gazeti la wiki la Kiswahili lililokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Taifa Leo na Daily Nation zikafuata mwaka 1960, na mwaka 1973 kampuni ikauza hisa katika soko la Nairobi. Kampuni kubwa yenye wanahisa wengi na mtambo wake yenyewe ni ngumu kuitisha kuliko gazeti la mtu mmoja lililokodi kila kitu. Wenye uwezo wa kutunga sheria walilifahamu hilo. Mwaka 2002 dhamana ambayo mchapishaji wa gazeti alitakiwa kuiweka ilipandishwa kutoka shilingi 10,000 za Kenya hadi milioni 1. Kifungu hicho hakikutaja maoni ya mtu. Kwa Nation na Standard kilikuwa usumbufu mdogo. Kwa wachapishaji wadogo wa vijarida vya mitaani, vilivyowaudhi wakubwa zaidi ya magazeti yote, kilikuwa ukuta. Udhibiti mwingi wenye madhara makubwa hauandikwi kama udhibiti wa maneno. Huandikwa kama ada, fomu au dhamana.

Usiku wa Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia Standard, wakaharibu mitambo na kuchoma nakala za siku iliyofuata. Kumbukumbu ya usiku ule haikuwa mbali Wakenya walipoandika Katiba ya 2010. Ibara ya 34 inaikataza serikali kudhibiti au kuingilia uchapishaji na usambazaji. Ni kinga ambayo wachapishaji wa Tanzania wangeifurahia. Lakini Ibara hiyo inakataza kuingilia. Hailazimishi kugawa matangazo kwa haki. Mwaka 2015 matangazo ya wizara na mashirika ya umma yalikusanywa chini ya wakala mmoja wa serikali. Mlango wa leseni ulipozibwa na Katiba, shinikizo lilihamia mlango wa fedha, na huko hakuna amri ya kufungia inayoweza kupelekwa mbele ya jaji. Kuna malipo yanayochelewa tu.

Vipi kuhusu mabaraza ya habari? Baraza ni chombo cha kupokea malalamiko dhidi ya gazeti na kuamua kama maadili yamekiukwa. La Tanzania liliundwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe, kwa hiari, baada ya serikali kuonyesha nia ya kuunda lake. Linaweza kusuluhisha, na kulitaka gazeti lisahihishe na kuomba radhi. La Kenya limewekwa na sheria. Wakosoaji husema la hiari halina meno. Ni kweli kwa kiasi: mchapishaji asiyejali anaweza kulipuuza. Lakini aliyechafuliwa jina anahitaji nini hasa? Anahitaji ukweli uchapwe palepale uongo ulipochapwa, mapema, bila gharama ya wakili. Gazeti lililofungiwa miaka 2 haliwezi kuchapa masahihisho.

Intaneti haijaufuta mfumo huu, imeongeza tabaka. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kutokana na katuni ya video iliyorushwa na gazeti lake la The Citizen. Gazeti la karatasi liliendelea kutoka. Kampuni moja, habari ileile, leseni mbili kutoka ofisi mbili, na uwezo wa kuzuiwa mara mbili. Kadiri wasomaji wanavyohamia kwenye simu, leseni ya pili ndiyo itakayokuwa na uzito.

Ndani ya chumba cha habari yupo mtu ambaye hatujamtaja. Sehemu kubwa ya habari za mikoani huandikwa na waandishi wasio na ajira, wanaolipwa kwa habari iliyochapwa, kidogo na kwa kuchelewa. Nauli ya kwenda kwenye tukio hutolewa na mwenye tukio, katika bahasha. Mmiliki anayelipa hivi ameshauza sehemu ya mamlaka ya mhariri wake kwa kila ofisi yenye bahasha wilayani, awe anajua au hajui. Napenda kuona wamiliki wanaolalamikia leseni wakiulizwa pia juu ya hili.

Tukiyaweka yote haya pamoja, naona kwamba swali la serikali au binafsi halitufikishi mbali. Tumeona gazeti la umma lililopoteza mhariri kwa tahariri moja, gazeti la chama tawala lililofungiwa na serikali ya chama hicho, la waandishi lililouzwa, na kampuni kubwa ya hisa inayosubiri malipo ya matangazo. Kipimo kinachofaa ni kingine: ili gazeti litoke kesho, linahitaji ridhaa ya nani, na kila anayeweza kukataa anawajibika kumweleza nani sababu zake, kabla ya kukataa?

Kwa kipimo hicho marekebisho yanayohitajika si mengi. Leseni ya mwaka irudi kuwa usajili wa mara moja. Tangu mwaka 2020 kampuni nchini Tanzania zinatakiwa kuijulisha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wamiliki wake manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya majina ya kampuni. Kwa wachapishaji wa magazeti, majina hayo yachapwe katika gazeti lenyewe. Kila ofisi ya umma itoe hadharani orodha ya magazeti iliyoyapa matangazo na kiasi ilicholipa. Mpiga chapa asishtakiwe kwa maneno ya mteja wake.

Na uwezo wa kufungia utoke kwa waziri uende kwa jaji. Watetezi wa mamlaka ya waziri husema kwamba yapo mambo ya usalama yasiyoweza kusubiri mahakama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Magazeti na redio vimewahi kuchochea mauaji katika ukanda huu, na Rwanda ya 1994 iko jirani. Lakini mahakama zetu hutoa amri za muda ndani ya siku moja katika migogoro ya ardhi na ya kampuni, na zinaweza kufanya hivyo kwa gazeti, serikali ikileta ushahidi wake na mchapishaji akisikilizwa. Kama utaratibu huo ungekuwepo Agosti 2016, swali la Mseto ambalo Arusha ililijibu Juni 2018 lingeulizwa kabla mtambo haujazimwa, na serikali ingetakiwa kuonyesha madhara ambayo miaka miwili baadaye hayakuonyeshwa.